Miguu kuwaka moto kwa kisukari: amitriptilini, duloksetini, pregabalini au gabapentini?

Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili ambaye nyayo zinamwaka moto usiku hukutana na majina manne kila anakogeukia: amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini. Jirani anasifia moja, mfamasia anataja nyingine, daktari anaandika ya tatu bila kusema kwa nini kaichagua hiyo. Swali la kwanza la mgonjwa huwa "ipi kali zaidi?", na kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenye faida ndogo kuliko yote. Kwa uwezo wa kupunguza maumivu, dawa hizi zinakaribiana mno. Zinapoachana ni kwenye yale zinayoufanyia mwili uliobaki: moyo, figo, ini, macho, kibofu, uzito na usingizi. Uchague kwa kuyatazama hayo.

Una maumivu, una ganzi, au vyote viwili?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huumiza neva zenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu ndizo huanza kudhurika, na ndefu kuliko zote ni zile zinazotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo hadi vidole vya miguu, karibu mita moja kwa mtu mzima. Ndiyo maana tatizo huanzia vidoleni, kwenye miguu yote miwili, likapanda kama soksi inayovutwa juu. Likikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza.

Wengine hulipokea kwa maumivu: kuwaka moto, kuchomwachomwa sindano, shoti ya umeme inayopita ghafla, na usiku shuka likigusa vidole tu mtu anaruka. Wengine hawaumwi hata kidogo. Wanakanyaga kijiwe wasikihisi, kiatu kinawabana mpaka kinachuna ngozi, wao wanaendelea na safari. Na wapo wengi wenye vyote viwili, mguu unaowaka moto usiku kucha lakini ukiuchoma kwa pini hauna habari. Hilo huwachanganya watu, kwani wanadhani mguu unaouma ni mguu ulio hai. Neva iliyoumia inaweza kupiga kelele yenyewe bila kuguswa, na papo hapo ikashindwa kupeleka taarifa ya kidonda cha kweli.

Nalisema hili mapema kwa sababu dawa zote nne ni za maumivu. Hakuna hata moja inayoponya neva, na mwenye ganzi tupu hazimsaidii kitu. Yeye anachohitaji ni kuikagua miguu kila siku hadi katikati ya vidole, kupima maji ya kuoga kwa kiwiko kabla ya kutia mguu, kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na kuwahi hospitali akiona lengelenge au mchubuko kabla haujawa kidonda ndugu. Aliyemeza dawa akapata nafuu naye afanye hayo hayo, maana nafuu ya maumivu haimrudishii hisia. Tena maumivu yakiisha yenyewe bila dawa, usishangilie upesi. Huenda neva imetulia, na huenda imekufa kabisa.

Njia ya kujua ni kupimwa. Kliniki hutumia uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Unafumba macho, mpimaji anausimamisha wima juu ya ngozi ya unyayo, anausukuma mpaka upinde, anauacha kitambo kifupi, kisha anauliza umehisi wapi. Mwenye aina ya pili hupimwa hivi siku ile ile anapogunduliwa, halafu angalau mara moja kila mwaka, kwa sababu wapo wanaokutwa neva zimeshaumia hata kabla hawajajua wana sukari. Nyumbani, mtu wa karibu anaweza kukugusa kwa ncha ya kidole, polepole bila kubonyeza, kwenye kidole gumba, cha katikati na cha mwisho vya kila mguu, nawe umefumba macho. Ukikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, nenda ukapimwe rasmi.

Si kila mguu unaowaka moto ni sukari

Kabla ya kuchagua kati ya dawa nne, ipo ya tano ambayo husahaulika: vitamini B12. Metformini, kidonge cha kushusha sukari, ikitumiwa kwa miaka, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza uwezo wa mwili kuifyonza B12, na upungufu wake huharibu neva kwa namna inayofanana sana na sukari. Mtu anaweza kuongezewa pregabalini mara tatu kumbe alichopungukiwa ni vitamini. Kipimo chake ni cha damu tu. Kikionyesha upungufu, B12 inatibu chanzo, jambo ambalo dawa nne haziliwezi. Kisionyeshe upungufu, vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyouzwa kama "dawa ya neva" sioni sababu ya kuvitumia mwezi hadi mwezi. Tena B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huharibu neva.

Pombe nyingi, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, na isoniazidi inayotibu kifua kikuu pia huleta ganzi na kuwaka moto. Tena tatizo likishika mguu mmoja tu, likija ndani ya siku chache, likianzia mikononi, au likileta udhaifu wa misuli kuliko ganzi, hiyo si tabia ya kawaida ya neva za kisukari. Hapo daktari atafute sababu nyingine kwanza.

Kwa nguvu, ni sare

Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao OPTION-DM, na sijui ulinganisho mwingine unaolijibu swali letu vizuri kama huo. Watu 130 wenye maumivu ya neva za kisukari walipangiwa kupita njia tatu kwa zamu, kila njia wiki 16: amitriptilini ikiongezewa pregabalini kwa aliyehitaji, duloksetini ikiongezewa pregabalini, na pregabalini ikiongezewa amitriptilini. Walianza na maumivu ya wastani wa 6.6 kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Mwisho wa kila njia wastani ulikuwa 3.3. Njia zote tatu, namba ile ile.

Kuna mambo mawili ya kuokota hapo. La kwanza, maumivu yalishuka kwa nusu. Hayakwisha. Anayetarajia sifuri ataitupa dawa nzuri akiamini haifanyi kazi, wakati kutoka 7 hadi 4 ndiko kunakomfanya mtu alale usiku mzima. La pili, ambao dawa moja haikuwatosha walipata nafuu zaidi walipoongezewa ya pili, hivyo kushindwa kwa dawa ya kwanza si mwisho wa njia. Utafiti huo ulionyesha pia kila dawa inavyosumbua kwa namna yake: amitriptilini ilikausha kinywa, duloksetini ilileta kichefuchefu, pregabalini ilileta kizunguzungu.

Gabapentini haikuwemo. Hata hivyo mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani uliotoka mwishoni mwa 2021 unaiweka pamoja na pregabalini kwenye kundi moja, sambamba na kundi la amitriptilini na lile la duloksetini, bila kutangaza mshindi.

Amitriptilini na duloksetini

Hizi mbili zilianza kama dawa za sonona. Karatasi iliyo ndani ya pakiti inasema hivyo, na wapo wanaozirudisha wakidhani daktari kawaona wamechanganyikiwa. Kinachofanyika ni kwamba kemikali ambazo dawa hizi huziongeza kwenye ubongo na uti wa mgongo ndizo hizo hizo ambazo mwili hutumia kuzuia ishara za maumivu zisipande juu. Zinatuliza neva hata kwa asiye na sonona, na amitriptilini hufanya hivyo kwa dozi ndogo kuliko ile ya sonona.

Amitriptilini ni ya zamani, ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huanzwa kwa miligramu 10 usiku na kupandishwa kidogo kidogo, wengi wakiishia kati ya 25 na 75. Sifa yake kubwa ni usingizi. Mtu ambaye maumivu yanamwamsha saa nane za usiku anapata mambo mawili kwa kidonge kimoja. Ukiamka na kichwa kizito, jaribu kuimeza saa moja au mbili kabla ya kulala badala ya kuimeza ukiwa tayari kitandani.

Lakini ndiyo yenye makatazo mengi kuliko zote nne. Hukausha kinywa, hufunga choo, huongeza uzito, na hushusha presha unaposimama ghafla. Huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo aliyepata shambulio la moyo karibuni au mwenye mapigo yasiyo sawa asiiguse. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa kabisa. Mwenye presha ya macho ya aina ya pembe nyembamba anaweza kuamka macho yakiuma na haoni vizuri. Kwa mzee mwenye miaka zaidi ya 65 mimi ningeitaja ya mwisho: neva za miguu zikiharibika huondoka na uwezo wa kusimama imara, ukiongeza dawa inayomlewesha usiku anapokwenda chooni, umemwandalia kuanguka. Na iwekwe mbali na watoto, maana vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Duloksetini ni ya juzi ukilinganisha. Marekani iliiidhinisha kwa maumivu haya mwaka 2004. Wengi huanza na miligramu 30 kwa siku kwa wiki moja, kisha 60, mara moja kwa siku. Kupanda hadi 120 huongeza maudhi kuliko nafuu. Usumbufu wake mkubwa ni kichefuchefu cha siku za mwanzo, ambacho hupungua dawa ikimezwa pamoja na chakula na kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Wengine hutoka jasho jingi au hukosa hamu ya kula. Kapsuli imezwe nzima, isifunguliwe wala kutafunwa.

Hainenepeshi kama zile tatu, na kwa mtu wa kisukari cha aina ya pili anayehangaika na uzito hiyo si faida ndogo. Ikiwa maumivu yameambatana na sonona ya kweli, jambo ambalo hutokea sana, inatibu yote mawili kwa dozi ile ile. Mipaka yake ni ini na figo: mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe nyingi na mwenye figo zilizodhoofika sana hawapewi. Huweza kupandisha presha kidogo, kwa hiyo presha isiyodhibitiwa ishughulikiwe kwanza. Mwenye presha ya macho ya pembe nyembamba naye amwambie daktari.

Pregabalini na gabapentini

Hawa ni ndugu wa damu. Zote hushika sehemu moja ya neva na kupunguza kemikali zinazorusha ishara ya maumivu, zote hutoka mwilini kwa figo, na zote huleta usingizi, kizunguzungu, uzito na miguu kuvimba. Kuzitumia pamoja hakuna maana.

Tofauti yao iko tumboni. Utumbo una kikomo cha kuipitisha gabapentini. Ukiongeza dozi, sehemu inayoingia kwenye damu inapungua, hivyo kuongeza dozi mara mbili hakuleti dawa mara mbili. Ndiyo sababu hugawanywa mara tatu kwa siku na kupandishwa taratibu, kuanzia miligramu 300 usiku hadi 1,800 au zaidi kwa siku, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi huizuia pia. Acha saa mbili zipite kabla ya kuimeza. Pregabalini haina kikwazo hicho. Ukiongeza, inaingia. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 75 mara mbili kwa siku, au chini ya hapo kwa wazee, na wengi hujua ndani ya wiki ya kwanza au ya pili kama inawafaa. Anayesahau dawa ya mchana asijitese na gabapentini iwapo anaweza kupata pregabalini.

Faida yao ni kwamba hazina ugomvi na dawa nyingi, kwa kuwa hazipiti kwenye ini kama zile mbili. Mwenye ini bovu au anayemeza dawa kumi za aina mbalimbali anapata nafasi hapa. Upande wa pili ni figo, na figo ndicho kiungo ambacho kisukari hukiandama. Dozi ipangwe kwa kipimo cha figo cha karibuni. Dozi ya kawaida kwenye figo dhaifu inajilimbikiza mpaka mtu anapepesuka na kuongea kama mlevi, na watu wa nyumbani wanadhani amepata kiharusi au sukari imeshuka. Mwenye moyo uliodhoofika, ambaye miguu tayari inavimba, awe mwangalifu zaidi na pregabalini.

Kuna jambo ambalo miaka ya nyuma halikusemwa sana: zinaweza kuzoeleka. Uingereza iliziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria mwezi wa Aprili 2019. Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zinaweza kupunguza kasi ya kupumua, hasa zikichanganywa na dawa za usingizi au dawa za jamii ya mofini, au kwa mwenye ugonjwa wa mapafu. Kwa aliyewahi kuwa na uraibu wa kitu chochote, ningeanza na duloksetini.

Kwa hiyo, nani aanze na nini?

Ningekuwa namshauri ndugu yangu ambaye hana tatizo jingine kubwa, ningeanza na duloksetini, kwa ajili ya uzito na kwa kuwa ni mara moja kwa siku. Kama shida yake kuu ni kukosa usingizi na moyo wake ni mzima, amitriptilini ya usiku. Mwenye ini bovu, pregabalini. Mwenye figo zilizochoka sana hana dawa rahisi kati ya hizi: duloksetini inatoka, zile ndugu mbili zinabaki kwa dozi ndogo mno, na uamuzi ni wa daktari wa figo. Mzee mwenye tezi dume na historia ya kuanguka, duloksetini kwanza, tena kwa kuanza chini. Haya ni maoni ya kupeleka kwa daktari. Usiyatumie kununua dawa bila kupimwa.

Kwa maumivu yaliyokaa mahali pamoja, au kwa mtu ambaye tumbo lake limechoka na vidonge, ipo krimu ya kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Ile ya asilimia 0.075 hupakwa mara tatu au nne kwa siku. Siku za mwanzo inaunguza kwelikweli, na wengi huiacha kabla haijaanza kufanya kazi. Osha mikono baada ya kuipaka, na usiiweke juu ya ngozi iliyochubuka. Kiraka chenye asilimia 8 hubandikwa na mhudumu wa afya kwa dakika 30, na nafuu yake inaweza kudumu hadi miezi mitatu.

Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzikimbilia kwanza, hazifanyi kazi kwa maumivu ya neva, nazo huumiza figo. Tramadoli ni hadithi nyingine: inapunguza maumivu kwa muda, ila mwongozo ule wa 2021 unakataa kuitumia kwa ugonjwa huu kwa sababu ya uraibu na madhara yake. Ikichanganywa na duloksetini au amitriptilini huweza kuleta degedege au hali ya hatari ya joto, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Na kushusha sukari je?

Kwa kisukari cha aina ya kwanza, kudhibiti sukari kunazuia uharibifu wa neva kwa kiasi kikubwa. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi, na neva zilizoumia hazirudi upesi, kwa hiyo usitarajie kipimo kizuri cha sukari kiondoe maumivu ya wiki hii. Kitu kingine kinachowashtua watu: sukari iliyokaa juu sana ikishushwa ghafla, maumivu makali mapya yanaweza kuzuka ndani ya wiki chache. Hatari huanza pale HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita, inaposhuka zaidi ya pointi 2 za asilimia ndani ya miezi mitatu, mfano kutoka 12 hadi 9, na huongezeka kadiri mshuko unavyokuwa mkubwa. Mtu anasema "tangu nianze insulini miguu ndiyo imeharibika", anaiacha, na sukari inarudi kulekule juu. Maumivu hayo mara nyingi hupungua ndani ya miezi kadhaa. Mwambie daktari, msiache insulini.

Kuijaribu na kuiacha

Ipe dawa nafasi ya haki: wiki sita hadi nane kwa jumla, angalau wiki mbili kati ya hizo ukiwa kwenye dozi kubwa unayoweza kuivumilia. Andika namba ya maumivu kila usiku, 0 hadi 10, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Ikiwa imeshuka kwa theluthi, dawa inafanya kazi, mjadili kuongeza dozi au kuongeza ya pili kutoka kundi jingine. Isiposhuka, badilisheni.

Na kubadilisha si kuacha leo na kuanza nyingine kesho. Pregabalini na gabapentini hupunguzwa kwa wiki moja au zaidi, duloksetini kwa wiki mbili au zaidi, amitriptilini nayo kidogo kidogo, la sivyo utapata kizunguzungu, jasho, wasiwasi na usiku usio na usingizi, ukadhani ugonjwa umezidi kumbe ni dawa imekatwa ghafla.